Malaria mara mbili, kumbe ni panya wa kibanda cha kuni

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya siku nne zilizopotea kabla hajatokea mtu wa kukiagiza kipimo chenyewe. Kosa si la kipimo, najua. Lakini hata mgahawa ukipika vizuri namna gani, mhudumu akikuletea sahani ya meza ya jirani huondoki ukicheka.

Nazungumzia kipimo cha damu cha hantavirusi, maradhi yanayotoka kwa panya kuja kwa binadamu. Nilipimwa Mei 2021 huku Schwäbische Alb, milima ya kusini mwa Ujerumani, ninakofanya kazi ya kulea wazee. Nawaandikia Waswahili wenzangu mlioko huku, hasa nyie mliokimbia kodi za Stuttgart mkahamia vijijini, mkapewa nyumba yenye bustani, na nyuma ya bustani kibanda cha kuni. Kibanda hicho ndicho kilichonilaza hospitali siku nane.

Ilikuwa Jumamosi ya Aprili, jua la kwanza la maana baada ya baridi. Kibanda kilikuwa kimefungwa tangu Oktoba. Nilipofungua mlango nikakuta kwenye sakafu, kandokando ya magogo, vinyesi vyeusi vidogo kama punje za mchele zilizoungua, na pembeni kiota cha majani makavu na nyuzi za gunia. Mimi mtoto wa Kiluguru sifundishwi kufagia. Nikachukua fagio, nikafagia kavu kavu mpaka kona ya mwisho. Vumbi lilipanda kwenye ule mwanga unaopenya kati ya mbao, nikapiga chafya mara tatu, nikajipongeza, nikaenda kuoga. Baadaye nilikuja kuulizwa habari za vumbi lile na watu wanne tofauti, kila mmoja akitikisa kichwa kwa namna yake.

Wiki tatu zikapita, sikumbuki hata kama nilifagia. Jumatano asubuhi nikiwa zamu ya mapema nikaanza kutetemeka mbele ya bibi ninayemvalisha soksi. Kufika mchana homa ilikuwa 39.6. Mgongo ulikuwa unauma chini ya mbavu, pande zote mbili, kama mtu ananitwanga kwa mchi toka ndani. Kichwa sisemi. Kilichonitisha zaidi ni macho: nilisimama kituoni, basi likaja, sikuweza kusoma namba yake. Mimi sivai miwani. Ulikuwa wakati wa corona, na sisi walezi tulikuwa tunachokolewa pua kila kukicha, kwa hiyo corona ilikataliwa siku ileile. Hasi. Kesho yake hasi. Mkuu wangu wa zamu akaniambia niende kwenye kliniki ya dharura.

Jina la kliniki hiyo silitaji. Daktari kijana, mpole, alinitazama, akatazama kadi yangu, akauliza natoka wapi. Nikasema kijiji fulani, kilomita kumi kutoka hapo. Akatabasamu: hapana, asili. Nikamwambia Tanzania, Morogoro. Basi. Kuanzia hapo mazungumzo yakawa ya malaria. Nikamweleza kwamba sijakanyaga Tanzania tangu Desemba 2019, corona imetufungia, miezi kumi na saba. Akaandika malaria. Nikachomwa kidole, kikaja kile kikasha tunachokijua sote, kile cha MRDT, mstari mmoja. Hasi. Wakatoa damu ya mshipani waikague kwa darubini, BS kama tunavyoiita nyumbani. Kesho yake hasi tena. Nikapewa ibuprofen za miligramu 600, nikaambiwa ni kirusi fulani, nilale, ninywe maji.

Sina ugomvi na kupima malaria. Mwafrika mwenye homa akisema ametoka nyumbani mwezi uliopita, asipopimwa malaria hapo ndipo pa kupiga kelele. Ugomvi wangu ni kwamba swali liliishia kwenye pasipoti. Hakuna aliyeniuliza nimefanya nini wiki nne zilizopita. Maabara ni kama duka la dawa la zamani: unapewa ulichoandikiwa kwenye karatasi, muuzaji hachungulii nyuma ya kaunta kuangalia kama unahitaji kingine. Damu yangu ilikuwa na jibu ndani yake tayari siku ile ya Alhamisi. Haikuulizwa.

Ijumaa nikampigia mama. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, mbona sauti hiyo? Nikamweleza. Akasema kunywa mwarobaini. Nikamwambia mama huku mwarobaini haupo, akasema basi ndiyo maana unaumwa. Akampa simu kaka yangu, ambaye ni mtaalamu wa maabara palepale Morogoro, na kaka ndiye mtu wa kwanza kuniuliza swali la maana: "Mdogo wangu, mkojo ukoje?" Sikuwa nimeuangalia. Nilipoangalia, ulikuwa kidogo, na una povu kama bia iliyomiminwa kwa pupa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kesho usilale nyumbani.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na kwa bahati daktari wetu wa kijiji alikuwa zamu. Mama mmoja wa makamo, mkavu, asiyetabasamu. Hakuniuliza natoka wapi. Aliuliza: una kuni? Una bustani? Umesafisha banda, dari, gereji? Nilipomwambia kibanda, kalamu ikasimama. Akachovya ule ujiti wa rangi kwenye mkojo wangu, kile kisanduku cha protini kikageuka kijani iliyokolea kabla hajamaliza kuhesabu. "Hanta," alisema, kama mtu anayemtambua mpangaji wake mlangoni. Akaniambia ibuprofen nitupe, si rafiki wa figo zilizolemewa, akapiga simu hospitali.

Alijua kwa sababu anaishi na jambo hilo. Milima hii imejaa misitu ya miti wanayoiita Buche, na humo anaishi panya mdogo mwenye mgongo wa rangi ya kutu, mkia mfupi, Wajerumani wanamwita Rötelmaus. Yeye haumwi. Anabeba virusi vya Puumala maisha yake yote, anavimwaga kwenye mkojo, mavi na mate, na sisi tunavivuta na vumbi. Mwaka ambao Buche zinazaa mbegu nyingi, panya wanakula vizuri wakati wa baridi, na mwaka unaofuata wanajaa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa 2012: mbegu za 2011 zilizaa panya, panya wakazaa wagonjwa zaidi ya 2,800 Ujerumani nzima, na sehemu kubwa walitoka huku kwetu kusini. Puumala lenyewe ni jina la kijiji cha Finland. Mama yangu alipolisikia kwenye simu aliuliza, "Ugonjwa wa kupumua?" Hapana mama, Puumala. Ingawa kwa kweli aliotea vizuri, maana kwa kupumua ndiko ulikoniingilia.

Sasa kipimo.

Walinitoa damu saa nane mchana. Nilihesabu vichupa vitano, na hapa nikaanza kubishana kimoyomoyo, kwa sababu nimezoea hadithi za kaka: nyumbani kichupa cha kifuniko chekundu ni cha seramu, yale maji ya damu yanayobaki ikishaganda, na cha zambarau ni cha kuhesabu chembe. Huku chekundu ndicho cha kuhesabu chembe, na cha seramu kina kifuniko cha kahawia. Kile cha kahawia ndicho changu, ndicho cha hanta. Mililita chache tu. Hakuna kufunga kula, hakuna kujiandaa. Muuguzi alikigeuza taratibu mara kadhaa, akabandika kibandiko, akaniuliza tarehe ya kuzaliwa mara mbili ingawa ilikuwa imeandikwa mbele yake. Nusu nyota hapo. Mimi kazini nimeona vibandiko vikibadilishana wazee wawili wenye jina moja la ukoo.

Saa moja usiku daktari wa wodi alikuja na jibu la kwanza. Hospitali za eneo hili huweka kipimo cha haraka, ndugu kabisa wa kile cha malaria: kikasha cha plastiki, tone la seramu, tone la maji yake, dakika chache, mistari. Alinionyesha picha kwenye simu yake. Mstari wa uhakiki, na chini yake mwingine, mwembamba lakini upo. Nilipiga kwikwi ya kicheko ambayo mgongo wangu uliijutia. Siku mbili nyuma nilikuwa nimetazama kikasha kama hicho chenye mstari mmoja nikaambiwa sina kitu.

Tofauti ni kwamba cha malaria hutafuta mdudu mwenyewe, protini yake inayoelea kwenye damu. Hiki cha hanta hakitafuti kirusi. Kinatafuta askari wa mwili, kingamwili za aina ya IgM, zile zinazotangulia vitani. Nikadhani hapo pana udhaifu: kwa nini usimkamate mwizi, ukakamate mgambo? Kaka alinieleza usiku ule kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita, mimi nikiwa na dripu mkononi. Kwa Puumala, anasema, kirusi hakikai kwenye damu. Kikishaamsha kinga, kinapotea haraka, na madhara mengi unayoyasikia yanatokana na mwili wenyewe unavyopambana. Lakini IgM, kwa karibu kila mgonjwa, tayari ipo siku ya kwanza anapoanza kuumwa. Kwa hiyo mgambo ndiye wa kutegemewa. Ukitaka kumkamata mwizi kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, unakuwa na siku chache tu za mwanzo, na ukichelewa jibu hasi la PCR halina maana kwamba huna ugonjwa. Damu yangu walipima PCR pia. Siku ya nne ya homa. Hasi. Kwa Lassa, homa nyingine ya panya kule Afrika Magharibi, mambo ni kinyume, kirusi hukaa kwenye damu na PCR ndiyo mfalme. Kwa hiyo anayekwambia "nilipimwa PCR, ndiyo kipimo bora kuliko vyote" muulize kwanza ni kirusi gani na siku ya ngapi.

Jumatatu ikaja hatua ya pili, ya maabara kubwa: ELISA. Kaka anaipenda ELISA kama watu wengine wanavyoipenda Simba. Anasema wewe fikiria trei yenye vishimo tisini na sita. Chini ya kila kishimo wamepaka protini ya kirusi, iliyotengenezwa maabara, si kirusi chenyewe, kwa hiyo haiambukizi mtu. Wanamimina seramu yako iliyozimuliwa. Kama una kingamwili zinazoijua protini hiyo, zinaing'ang'ania. Wanaosha. Kila kisichong'ang'ania kinaondoka na maji. Wanaongeza kingamwili nyingine iliyobeba kimeng'enya, nayo inawarukia wale walioshika. Wanaosha tena. Kisha dawa ya rangi: kishimo kinaanza kuwa cha bluu, na wakitia asidi kinageuka njano. Mashine inapima unjano. Mwenye kingamwili nyingi anang'aa kama embe dodo, asiyekuwa nazo kishimo chake ni maji tu. Siri yote, anasema, iko kwenye kuosha. Mtu akiosha kivivu, kila mtu anakuwa njano.

Mimi niling'aa. IgM chanya sana, IgG nayo chanya. Hiyo IgG ndiyo inayobaki na wewe miaka na miaka, kwa hiyo peke yake isingesema kama ni ugonjwa wa leo au wa zamani. IgM ndiyo iliyosema ni wa leo.

Kuna jambo moja lilinipunguzia raha kidogo, na nalitaja kwa sababu vipeperushi vya vipimo havipendi kulisema kwa sauti. Hantavirusi ni ukoo, na kingamwili za ndugu mmoja humshika pia ndugu mwingine. Ujerumani hii hii, kaskazini na mashariki, kuna Dobrava, anayebebwa na panya mwenye mstari mweusi mgongoni. Huko Asia kuna Hantaan, yule wa kwanza kabisa, aliyepata jina la mto wa Korea alikotambuliwa miaka ya 1970 baada ya kuwasumbua maelfu ya askari kwenye vita vya Korea. Kuna Seoul, wa panya wa kawaida wa mijini na bandarini. Damu yangu ilipokutana na protini za Dobrava nayo ilionyesha unjano wa mbali. Kwa hiyo wakatumia hatua ya tatu: ukanda mwembamba wa karatasi wenye mistari iliyopangwa, kila mstari protini ya kirusi kimoja, unauloweka kwenye seramu uone ni mstari upi unatoka wenye nguvu. Wangu: Puumala mweusi tii, Dobrava kivuli. Ukitaka uhakika usio na ubishi kabisa kuna kipimo cha kutazama kama seramu yako inazuia kirusi hai kuingia kwenye seli, lakini hicho kinataka maabara ya usalama wa juu na subira ya zaidi ya wiki. Kwa mtu aliyelala kitandani mgongo unamuuma, kivuli cha Dobrava hakibadilishi matibabu. Dawa ya kukiua kirusi hiki haipo, chanjo huku haipo. Kinachofanyika ni kuzilinda figo mpaka dhoruba ipite, na kwa Puumala wengi mno inawapitia. Anayekufa ni chini ya mmoja katika mia.

Kwa nini basi kupima, kama dawa hakuna? Niliuliza hivyo hivyo. Daktari akanyoosha kidole kwenye kitanda cha pili, alipokuwa amelala mama mmoja ambaye, alisema kwa ruhusa yake, nusura apasuliwe tumbo wiki iliyopita kwa maumivu ambayo hayakuwa ya tumbo. Jibu la hanta linawazuia watu kukupasua, kukutoboa figo kuchukua kipande cha nyama, kukujaza antibayotiki zisizo na kazi. Na linawaambia nini kinakuja: kreatinini yangu, taka ya damuni inayopanda figo zikilemewa, iliingia ikiwa 1.9, na kwa sababu walijua ni hanta hawakushangaa ilipopanda mpaka 4.3 siku ya Jumanne. Chembe za kugandisha damu zilikuwa 61, wakati mtu mzima anapaswa kuwa na 150 kwenda juu. Ijumaa nikaanza kukojoa kama bomba la mtaa, lita tano na zaidi kwa siku, na muuguzi akanipigia makofi. Sijawahi kupongezwa hivyo hata nilipofaulu mtihani wa Kijerumani. Macho yalirudi yenyewe, Alhamisi, nikasoma menyu ya chakula cha hospitali na kutamani yangebaki vilevile.

Kaka alisikitika kuhusu ile PCR hasi kuliko mimi. Ingekuwa chanya, anasema, wangeweza kusoma herufi za kirusi na kuzilinganisha na za panya wa maeneo mbalimbali, wajue nilikipatia msitu gani. Kuna maabara ya taifa ya ushauri kwa kazi hiyo, iko Charité, hospitali ya chuo kikuu kule Berlin. Nikamwambia kaka, nakijua nilipokipatia, kina kufuli la kijani.

Tulizungumza sana wiki ile, pengine kuliko miaka mitatu iliyotangulia. Nilitaka kujua: na kwetu je? Morogoro ndio mji wa panya wa kisayansi, kule SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wamewachunguza panya kwa miongo, na hao panya buku wanaonusa mabomu na kifua kikuu wanafundishwa hapohapo. Akaniambia kuna kirusi kina jina la mji wetu, kirusi cha Morogoro, ndugu wa mbali wa Lassa, kilipatikana kwa panya shamba, yule yule wa jamii inayobeba Lassa kule Nigeria. Habari zake zilitangazwa 2009. Hakijulikani kumwumiza mtu. Nilikaa kimya. Nimezaliwa na kulelewa kati ya panya wa kirusi cha Morogoro nikawa mzima, nikaja Ulaya kulazwa na panya wa Finland.

Mwaka uliofuata, Julai 2022, ndipo ikatokea ile homa ya Mgunda kule Ruangwa, Lindi, watu ishirini wakiumwa na watatu kufariki, na kila simu niliyopokea ilikuwa ya hofu ya Ebola. Walipima Ebola, Marburg, corona: hasi zote. Jibu likaja kuwa leptospira, ambayo ni bakteria, si kirusi, lakini hupitia kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine vilevile, na figo ndizo zinazolia. Dawa yake ipo, tena ya bei nafuu. Nilimtumia kaka ujumbe wa maneno mawili, "orodha ndefu," naye alielewa. Hasi tatu hazina uzito mpaka mtu aulize swali la nne, na pale Lindi liliulizwa kwa haraka kuliko mimi nilivyoulizwa.

Malalamiko mengine ni madogo. Karatasi ya majibu ni aibu. Kurasa mbili, vifupisho, namba zisizo na maelezo, na sentensi moja ya maana imefichwa chini kabisa kwa herufi ndogo: dalili za maambukizi mapya ya Puumala. Mimi nasoma Kijerumani cha hospitali kila siku kazini na bado nilihitaji kaka aliyeko kilomita maelfu kunitafsiria. Mgonjwa wa kawaida ataona "positiv" na "grenzwertig", yaani mpakani, si hasi wala chanya, kwenye mistari miwili akalia bure usiku kucha. Pia jibu la ELISA lilikuwa tayari Jumatatu mchana, mimi nikaambiwa Jumanne jioni kwa kuwa mtu wa kuniambia alikuwa mapumziko.

Jambo ambalo sikulitegemea ni simu kutoka idara ya afya ya wilaya. Kisheria hanta ni ugonjwa wa kuripotiwa, maabara yenyewe hupeleka jina, na kutoka wilayani taarifa inaishia Taasisi ya Robert Koch, ile ya taifa ya kufuatilia magonjwa, Berlin. Nilipoona namba ya serikali nilijua ni kibali cha kazi, moyo ukaruka. Kumbe ni kaka mmoja mwenye sauti ya usingizi anauliza kama kibanda kina dirisha. Akanieleza namna ya kusafisha: fungua mlango, pisha hewa, nyunyiza kila kitu maji ya dawa mpaka kilowe, vaa glovu na barakoa ya FFP3, kisha futa kwa kitambaa, fagio kavu marufuku. Nikamuuliza kama nimewaambukiza wazee wangu. Akasema hapana, Puumala haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Nililia hapo, na sikulia hospitali.

Baada ya wiki tatu nikarudi kwa sampuli ya pili, kichupa kile kile cha kahawia. Hii watu wengi wanairuka kwa sababu wamepona. Lakini IgM huweza kudanganya, kuna magonjwa mengine yanayoifanya iwake bure, na anayetaka uhakika anaangalia kama IgG imepanda kati ya damu ya kwanza na ya pili. Yangu ilikuwa imepanda. Gharama: vipimo vyote bima ililipa, sikuona hata risiti. Nililipa ile euro 10 kwa siku ya kitanda, jumla 80. Pamoja na euro 7 za barakoa.

Kwa wanaotaka kutumia huduma hii, nasema tu kwamba huwezi kuingia maabara ukaagiza kama chipsi mayai. Lazima daktari aandike, na ili aandike lazima asikie neno kibanda, au kuni, au dari, au kambi ya msituni, pamoja na homa ya ghafla na mgongo. Usisubiri aulize. Na kama kipimo cha haraka kimekuwa hasi siku ya kwanza au ya pili na mgongo bado unatwangwa, omba kirudiwe baada ya siku chache.

Vuli iliyofuata, mke wa mzee jirani yangu alinisimamisha kwenye uzio. Mzee ana homa tangu jana, na juzi alikuwa anapanga kuni. Aliniuliza neno lenyewe linaandikwaje, nikaliandika nyuma ya risiti ya mkate, Hantavirus, Puumala, IgM, nikamwambia ampe daktari kabla hajakaa kitini. Alipimwa siku hiyohiyo. Hasi, na siku nne baadaye hasi tena. Yalikuwa mafua tu, na mzee bado ananidai pole kwa kutolewa damu mara mbili.